Mkaguzi, Kenge na Matofali

Ukimkaribisha Mkaguzi nyumbani kwako, usijisumbue kupanga sebule. Hataitazama. Atakaa pale utakapomkalisha, atapokea chai, atauliza habari za shule, na muda wote macho yake yatakuwa yanatafuta mlango uliofungwa. Akiuona atauliza kwa adabu zote, "Mwalimu, mlango ule unaelekea wapi?" Kwangu ulielekea banda la kuku. Aliomba afunguliwe, akainama akaingia na suti yake, akatoka na manyoya mabegani, akasema, "Inalidhisha." Kisha akarudi kwenye chai.

Namwita Mkaguzi kwa sababu mtaa wetu wote wa Butimba, Mwanza, unamwita hivyo, ingawa alistaafu kukagua shule siku nyingi. Jina lake analo. Asichokuwa nacho ni r. Lugha aliyoanza nayo maisha haikumpa herufi hiyo, na Kiswahili kilipofika kikamkuta ameshazoea kuishi bila yake. Habari kwake ni habali, barabara ni balabala, na ukimwamkia anaitikia malahaba kwa sauti nzito inayokutosha hadi jioni.

Ila mpe kalamu uone. Kwenye karatasi hakosei hata r moja, na hakumsamehe mtoto aliyekosea. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha aliingia darasani kwangu, akasimama mbele ya darasa la nne na kuwasomea imla yeye mwenyewe. "Baba amealikwa kwenye kalamu," akasema. Watoto wakaandika kalamu. Akapita dawati kwa dawati akiweka mikasi myekundu ya makosa, darasa zima, huku akitikisa kichwa kwa masikitiko, maana yeye alikuwa amesema karamu. Mimi nilisimama karibu na dirisha nikiuma midomo. Nilikuwa mwalimu mpya, na mwalimu mpya hamfundishi mkaguzi kutamka.

Siku hiyohiyo ndipo nilipompenda, na nieleze kwa nini. Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya kivuko cha Kigongo, karibu na maji, na mwalimu mkuu alikuwa ameandaa kila kitu: maandalio ya masomo yamepangwa mezani, bustani imemwagiliwa, watoto wameoga. Mkaguzi alivipita vyote kama mtu anayepita sokoni bila hela. Akaenda kusimama mbele ya stoo. "Mlango huu unaelekea wapi?" Mwalimu mkuu akajibu, "Ufunguo umepotea, mheshimiwa." Mkaguzi akavuta kiti, akaketi mbele ya mlango, akasema atangoja upatikane. Ufunguo ulipatikana kwenye mfuko wa suruali ya mwalimu mkuu. Ndani mlikuwa na vitabu vipya, bado vina harufu ya kiwandani, vimefungwa kwa kamba. Vilifichwa visichakae. Watoto walikuwa wanasoma watano watano kwenye kitabu kisicho na jalada, na vitabu vyao vinalala gizani vikibaki vipya. Mkaguzi alivigawa mwenyewe mchana ule, hadi cha mwisho.

Nasema haya ili mtu asije akadhani michezo iliyofichwa ndani ya simu, anayoitafuta hadi leo, aliianza uzeeni kwa kukosa kazi. Ilikuwa kazi ileile. Mkaguzi aliamini, na bado anaamini, kwamba kila kitu kilichotengenezwa na binadamu kina stoo, na ndani ya stoo kuna kizuri ambacho mtu amekificha. Simu haikuwa tofauti na shule.

Mchezo wa kwanza aliukuta akiwa bado kazini, kwenye ofisi moja ya elimu ambayo siitaji. Karani alikuwa amefungua programu ya mahesabu, ile yenye vyumba vingi vidogo, na Mkaguzi alipoingia bila hodi akamkuta ndani ya mahesabu anaendesha gari. Gari kabisa, na barabara, na kona. Karani akaeleza kwamba hakuuweka yeye. Waliotengeneza programu ndio waliouficha humo, na ukijua pa kubonyeza unajitokeza. Mkaguzi alimkaripia vya kutosha. Kisha akamwambia auoneshe tena, kwa ajili ya ripoti. Ripoti ile ilichukua muda, kwa sababu ofisi ilifungwa Mkaguzi akiwa bado kwenye kona.

Na huyu ndiye mtu aliyepiga marufuku drafti za vizibo vya soda kwenye shule zote alizokagua. Alichukua ubao wa walimu wetu sisi, akaondoka nao kwenye gari. Hadi leo ukimtajia mchezo wa kupakua, ule wenye rangi na makelele unaokuomba ununue almasi, anakunja uso. "Mchezo ulioandikwa mchezo mlangoni, huo ni duka," anasema. Yeye anataka ule ulioketi kimya ndani ya kitu cha heshima: ndani ya ramani, ndani ya ukurasa wa kutafutia, ndani ya programu ya kutumiana ujumbe. Siku moja alinitumia ujumbe wenye mpira mmoja tu, bila neno. Nikadhani amekaa juu ya simu. Ukaja mwingine, mpira. Nilipovuka barabara kwenda kumuuliza kama ni mzima, nilimkuta kibarazani anaugonga ule mpira kwa kidole, unaruka, unashuka, anaugonga tena. Ulikuwa mchezo wa danadana, umefichwa ndani ya alama ambayo watu wote mtaani tulikuwa tunatumiana kila timu zetu zikishinda.

"Umekuwa unautuma miaka yote," aliniambia, "hujawahi kuugonga?"

Sikuwahi. Nani anagonga alama ya mpira?

Kipenzi chake, lakini, alikuwa kenge. Wasomaji wengi mnamjua: simu ikikosa mtandao, ukurasa unakuwa mweupe, na chini yake anasimama mnyama mdogo wa kijivu. Vijana wanasema ni dinosa. Mkaguzi alikulia kando ya ziwa, na mnyama mwenye mkia ule na shingo ile anayeonekana pale ambapo hukumtarajia ni kenge, hana jina lingine. Ukimgusa anaanza kukimbia, na wewe kazi yako ni kumrusha juu ya vimiti vya miiba, ambavyo Mkaguzi anaviita minyaa, kwa sababu ndiyo iliyozunguka maboma ya kwao. Yote yalikaa vizuri kichwani mwake: kenge anatoroka, anaruka ua la minyaa, ameiba yai la mtu.

Alikuwa na masharti. Nilimwonesha kwamba anaweza kumwita kenge wakati wowote kwa kuzima data. Alinitazama kama ninavyowatazama watoto wanaochungulia mtihani. "Ukaguzi ni wa kushtukiza, Mwalimu. Kenge akija, aje mwenyewe." Hivyo alikuwa mtu pekee Mwanza nzima aliyefurahi mtandao ukikatika. Sisi tunalaani, tunanyanyua simu juu, tunazunguka ua. Yeye utamsikia kibarazani kwake: "Luka! Luka, mjinga wewe, luka!"

Kenge ndiye aliyemponza kwenye kivuko. Ilikuwa kabla daraja halijafunguliwa, tulipokuwa bado tunapanga foleni Kigongo tukitazama Busisi ile pale. Mkaguzi alikuwa anakwenda kuhani msiba upande wa Geita. Alipopanda, mtandao ukakata, kenge akatokea, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamfikisha pale mahali ambapo skrini inageuka kuwa usiku. Watu wakamzunguka. Mama mmoja wa machungwa akaweka beseni chini kabisa, anamshangilia, "Ruka mzee, ruka!" naye anajibu, "Naluka, mama, naluka!" Kivuko kikafika Busisi, magari yakashuka, wengine wakapanda. Kenge bado anakimbia. Mkaguzi alipoinua kichwa alikuwa amerudi Kigongo, na mama wa machungwa hakuwa yule. Msiba haukumwona.

Alinihadithia mwenyewe akicheka hadi akashika mbavu. Akamhadithia na binti yake wa Dar es Salaam kwa simu. Huko hakukuwa na kicheko.

Binti yake ndiye mtoto pekee aliyenaye karibu, kama Dar ni karibu. Mkaguzi ni mjane. Anaishi peke yake kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mkewe katikati ya mawe, kibaraza kinatazama ziwa, na kuna mama anayekuja kumpikia. Binti amekuwa akimwomba miaka mingi ahamie kwake, kwenye ghorofa, na Mkaguzi amekuwa akijibu kwamba huko hana cha kukagua. Baada ya kivuko, maombi yalianza kubadilika sauti.

Halafu yakaja matofali.

Mkaguzi alisikia kutoka kwa vijana wa chuo kwamba ndani ya ule ukurasa wa kutafutia, ambao kila mtu anautumia kuuliza bei ya simenti na dawa ya tumbo, umefichwa mchezo wa zamani wa kuvunja matofali. Unaandika jina lake kwa Kiingereza, maneno mawili, unajitokeza: matofali ya rangi juu, kibao chini, na kimpira kinachopanda kuyabomoa. Mara ya kwanza nilimwandikia mimi. Alicheza, na hakusema "Inalidhisha", na macho yake yalikuwa na maji. Nilidhani ni yale macho mabovu tu, maana mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfunika. Matofali aliyaona. Herufi ndogo za simu hakuziona tena.

Kwa kuwa nashinda shuleni, na yeye si mtu wa kuomba omba, akagundua kwamba simu inasikia. Unabonyeza alama ya kipaza sauti, unasema, inatafuta. Sasa, neno la pili la jina la mchezo ule lina r palepale mwanzoni, imekaa katikati ya njia kama jiwe. Mkaguzi alisogeza simu mdomoni akatamka kama anavyotamka: blok bleka. Simu ikajitahidi. Ikasikia blichi. Ikamletea krimu za kujichubua.

Akarudia, kwa sauti ya ukaguzi. Simu ikaleta nyingi zaidi. Akarudia kila siku, asubuhi na jioni, na simu, ambayo haisahau, ikaamua kwamba huyu mzee ana shida kubwa ya mkorogo. Akifungua habari, krimu. Akifungua taarifa ya hali ya hewa, mdada ameng'aa shavu moja. Alinilalamikia sana. "Hii simu ihamishiwe Misungwi miaka miwili," alisema, "ikae na watu wa lugha yetu, masikio yake yazoee."

Binti yake alikuja bila taarifa, Jumamosi asubuhi, kwa ndege. Ukaguzi wa kushtukiza. Saa nne nikaitwa.

"Dada Mwalimu, karibu ukae," aliniambia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe ndiye jirani. Nataka uwe shahidi. Nimekuja kumchukua baba."

Mkaguzi alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kibarazani, viatu vimepigwa rangi, mikono juu ya magoti. Hakunitazama. Nasema wazi kwamba niliogopa. Nimeona wazee wanaochukuliwa kwa upendo. Wanapelekwa kwenye chumba kizuri chenye feni, na ukiwapigia simu wanakuuliza tu kama mvua imenyesha huku.

"Baba," binti akaanza, taratibu, kama daktari. "Leo ni siku gani?"

"Jumamosi. Na wewe umevaa viatu vya Jumapili."

"Siku ile ya kivuko ulikwenda wapi?"

"Busisi."

"Ukafanya nini Busisi?"

"Sikushuka."

Binti akanitazama. Akachukua simu ya baba yake pale mezani, akaigeuza kwetu. Shavu liling'aa. "Na haya? Kila nikifungua ni haya. Baba, unataka kujichubua? Au kuna mtu unamnunulia?"

Mungu anisamehe, nilicheka. Binti hakucheka hata kidogo.

"Natafuta matofali," alisema Mkaguzi.

"Matofali gani? Unajenga?"

"Ya kuvunja."

Binti akafunika uso kwa viganja. Niliona kama tunampoteza mzee hivihivi, kwa majibu ya kweli matupu. Nikasema, "Mzee, sema lile neno. Sema hapa, asikie." Mkaguzi akasogeza simu, akatamka. Krimu. Nikaichukua, nikamkabidhi binti yake. "Sasa sema wewe. Bonyeza hapo, useme." Nikamtajia jina la mchezo.

Binti amesoma na kukulia shule za bweni, ana r zote anazohitaji na za ziada. Akasema mara moja, kwa hasira. Skrini ikabadilika. Matofali yakajipanga juu, safu kwa safu, na kimpira kikaanza kushuka.

Hakukigusa. Kilishuka kikapotea, kikaja kingine, kikapotea. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu mzima tena, "Hii ndiyo ile gemu."

"Ndiyo," alisema Mkaguzi.

"Ile ya mjomba. Ya mkononi. Uliyoninyang'anya."

"Ndiyo."

"Ukasema mtoto wa mkaguzi hachezi."

Mkaguzi alitazama ziwa. "Nilikunyang'anya nikaenda nayo ofisini. Nikafunga mlango, nikaicheza mpaka betli zikaisha. Nikaona haya kununua nyingine. Baadaye ikahalibika." Akageuka kwa binti yake. "Niliposikia imo ndani ya simu, nikasema nitaitafuta. Nikulejeshee."

Mama wa jikoni alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Binti alilia, si kwa sauti, machozi tu yanashuka yanadondokea viatu vya Jumapili. Halafu akajifuta kwa kiganja, akavuta kigoda hadi kwenye kiti cha baba yake, akasema, "Sogea." Mchana ule tulikula wali wa baridi, kwa sababu kila alipopoteza mpira alisema ni simu, na Mkaguzi alisema si simu, ni mikono, na ikabidi wathibitishe.

Hakuchukuliwa. Binti aliweka sharti moja, kwamba macho yatibiwe, na alikaa hadi yakatibiwa. Akamwachia pia kitochi, simu ndogo ya vitufe, cha kupokelea simu zake, kwa sababu ile simu kubwa, alisema, ina mambo mengi. Mkaguzi akalalamika kwamba sasa nani atamtamkia neno. Vidole vinatetemeka, alisema, hawezi kuandika. Binti akasema, "Basi nitakupigia."

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilipita kumwamkia. Mvua ilikuwa inatishia, nilikuwa na mwavuli. Nilimkuta kibarazani na simu zote mbili mezani, kitochi kimeegemezwa kwenye kikombe, simu kubwa mbele yake. Alinionesha kiti kwa kidevu. Kitochi kikaita, akabonyeza spika.

"Shikamoo baba."

"Malahaba. Sema."

Kutoka Dar es Salaam, r ikiwa imesimama wima, binti akasema yale maneno mawili. Simu kubwa ikasikia, matofali yakajipanga. Wakaanza: yeye anavunja, binti anauliza amefika wapi, kisha anauliza amekula nini, kisha mjukuu anataka kuongea, kisha mjukuu hataki, kisha bei ya ndizi za huko, kisha nani amefariki na nani ameolewa. Matofali yalikwisha zamani. Mazungumzo yaliendelea hadi chai yangu ikaisha, na ya pili. Niliaga kwa mkono, sikutaka kuwakatiza.

Nilikuwa sijafika getini kwangu simu yangu ilipolia. Ujumbe. Niliufungua nikitegemea mpira.

"Mwalimu, umesahau mwavuli wako hapa barazani na mvua kubwa inakuja kutoka upande wa Ukerewe. Rudi uuchukue kabla barabara haijaharibika."

Niliusoma mara mbili, nikiwa nimesimama barabarani. Kila r ilikuwa mahali pake. Koma ilikuwa mahali pake. Hakuna kidole kilichotetemeka kilichoandika vile, na hakuna jicho bovu lililosoma vitufe vile, na dakika chache tu zilikuwa zimepita tangu nitoke. Mtu anayeweza kuandika barabara haijaharibika anaweza kuandika jina la mchezo, herufi chache, bila kumpigisha mtu simu kutoka Dar es Salaam.

Nilirudi. Mwavuli ulikuwa umeegemea nguzo. Mkaguzi alikuwa anafuta miwani yake mipya kwa ncha ya shati, kitochi kimelala kifudifudi juu ya meza.

"Mzee," nikasema, nikimwinulia simu yangu. "Kumbe unaandika."

Alivaa miwani. Aliniangalia vizuri, kwa utulivu, kama alivyomwangalia mwalimu mkuu wangu siku ile mbele ya stoo.

"Ufunguo umepotea, mheshimiwa," alisema.

Matone ya kwanza yalianza kugonga bati. Nilichukua mwavuli wangu nikaenda nyumbani.